Uchambuzi Usiohesabika

Majirani wa Drahomíra Vojtková, mjini Brno, waliamini kwamba anafundisha Kijerumani nyumbani kwake. Kumbe waliopanda ngazi zake walikuja kulala kwenye kochi na kusema lolote lililowajia, naye akiketi nyuma ya vichwa vyao akisikiliza. Wakomunisti waliotawala waliuita uchambuzi wa nafsi sumu ya mabepari. Kazi hiyo, ambayo mtu huijua kwa kuchambuliwa kwanza yeye mwenyewe, alifundishwa na mzee aliyefukuzwa chuo kikuu. Nyumba ya mzee ilitegwa vinasa sauti, hivyo alimchambua Drahomíra wakitembea msituni, hata theluji ikiwafika magotini.

Serikali ile ilipoanguka, chama kimoja cha wachambuzi wa ng'ambo kilituma wageni wawili kuamua nani anastahili kuitwa mchambuzi. Mkalimani wao alikuwa Radovan. Drahomíra alipomwona, moyo ukamtulia. Radovan alilia kwenye kochi lake kwa miaka sita, kabla ya kutorokea Munich, alikopata cheti cha uchambuzi.

"Nani alikuchambua wewe?" mgeni mmoja aliuliza.

Akawasimulia habari za msitu. Mgeni akainua nyusi.

"Mkitembea?"

"Ndiyo, tukitembea. Tungelala, tungelala jela."

Hilo Radovan hakulitafsiri.

"Na wewe umemchambua nani?"

"Wengi. Mmoja wao ni huyu hapa."

Kiingereza Drahomíra hakukizungumza, ila alikisoma miaka mingi katika vitabu vya magendo, na masikio yalikuwa mazima. Alimsikia Radovan akisema, "Anasema tulikuwa marafiki."

Kwenye korido akamshika mkono wa koti.

"Marafiki, Radovan?"

"Bi Drahomíra, taratibu, watasikia. Ningesema kweli, wangeuliza kama uchambuzi wangu nao unahesabika. Hawa watu huwajui."

"Nisiyemjua ni wewe. Na mimi nikijidanganya nakujua mpaka uvunguni!"

"Usikasirike. Wanataka uanze upya tu, na mchambuzi mwenye cheti."

"Hapa Brno yuko wapi huyo?"

Radovan akatazama viatu vyake. "Nimerudi kukaa hapa. Kwa sasa niko mimi tu."

"Mungu wangu! Mimi nilale, wewe ukae nyuma yangu?"

"Jumanne nina nafasi."

"Kalale na cheti chako," akamwambia, akaondoka.

Lakini habari zikaenea. Otakar, mwalimu wa hisabati aliyekuja kwake miaka minne, alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Daktari, samahani. Mke wangu anasema bora niende kwa anayetambulika."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi... mimi nimeshapanga naye siku."

Hakumzuia. Wengine wakafuata, baadhi bila hata kuaga, na kufikia majira ya machipuko hakuwa na mgonjwa. Kazi nyingine ya kuipenda hakuwa nayo. Akaenda kwa Radovan, siku ya Jumanne.

Akalala, macho yakiwa kwenye dari iliyopakwa rangi mpya.

"Anza popote unapotaka," sauti ikasema nyuma yake.

"Nakuchukia. Mwoga wewe, msaliti."

Radovan akanyamaza. Alinyamaza vizuri, bila haraka wala kujitetea, na Drahomíra alijua ukimya ule ulifundishwa na nani. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, ya hasira tupu.

Cheti kilipotoka alikuwa na miaka sabini na mbili. Radovan alimletea mwenyewe, pamoja na shada la maua. Drahomíra akapokea cheti, akamfungia mlango yeye na maua yake.