Chura Mwenye Suti

Ruphin hakuwa mtu wa kutulia, na siku ile hata kusimama mahali pamoja kulimshinda. Tangu mchana alikuwa akiizunguka bustani ya nyumba moja katika mtaa wa Observatory na suti yake ya harusi, kamera kifuani, mara anyanyue kichwa kulitazama jua, mara aitazame saa. Jua la Juni la Johannesburg halina adabu. Linachelewa kuamka, halimpashi mtu joto, na kabla mchana haujakolea linataka kwenda zake nyuma ya kilima. Na wenye sherehe, Waswidi bustani nzima, walikuwa wamekaa mezani wanaimba.

Walikuwa wanasherehekea katikati ya kiangazi. Naam, kiangazi, huku nyasi zimekuwa njano kwa baridi na akina mama wamevaa makoti mazito juu ya magauni meupe, mashada ya maua ya dukani vichwani. Kwao Uswidi, mwezi kama huu jua halitaki kuzama, na desturi haiulizi umehamia wapi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Walikula samaki wa siki na viazi vidogo, na kila walipotaka kunywa kileo chao kikali, ilibidi kwanza wauimbe wimbo mzima hadi mwisho, bila haraka yoyote. Katikati ya bustani mlingoti mrefu ulikuwa umelazwa chini, umevikwa majani na maua mekundu ya shubiri, ukingoja kusimamishwa.

Ruphin alikwenda hadi mlango wa jikoni. Pale alikuwapo Marcelline, mtunza nyumba hii, mama wa Bukavu, Kongo, kama yeye, ambaye humwita yaya, yaani dada mkubwa, na Jumapili huimba naye kwaya kanisani kule mtaa wa Berea. Ndiye aliyempatia kazi hii ya kupiga picha.

"Yaya, jua iko nakimbia! Na hawa bazungu bako naimba tu. Ule muti batausimamisha saa ngapi?"

"Mudogo yangu, tuliza roho. Uko nazunguka kama mutu mwenye kupoteza mbuzi. Kunywa chai."

"Chai itanipa mwanga?"

Marcelline alicheka. Ruphin hakucheka, maana alijua alichokabidhiwa. Asubuhi mwenye nyumba, Malin, alikuwa amemvuta pembeni akamwambia kwa Kiingereza, polepole, kila neno likae mahali pake: piga picha upendavyo, lakini moja isikosekane, ya baba yangu akicheza kwenye mlingoti.

Baba huyo, mzee Torsten, alikuwa amekuja kumtembelea binti yake, naye Jumatatu angepanda ndege kurudi kwao. Huko alikuwa na mke, Solveig, anayetunzwa katika nyumba ya wazee. Solveig alikuwa mwalimu wa chekechea, na maisha yake yote ndiye aliyeongoza mchezo huu kijijini kwao, watoto mbele, wazee nyuma. Sasa kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Hakumjua mume, hakumjua binti, na ulikuwa mwaka wa pili sasa hajacheka.

"Labda mchezo ataujua," Malin alisema. "Sijui. Nataka kujaribu."

Kisha akawaambia wageni wote watie simu zao katika kapu jikoni, ili kila mtu acheze na asibaki mpigapicha mwingine. Kwa hiyo macho ya sherehe nzima yalikuwa ya Ruphin peke yake. Picha ya kumpelekea mama wa mtu si mchezo.

Hatimaye, baada ya nyimbo ambazo Ruphin aliapa hazina mwisho, watu waliinuka. Wanaume waliushika mlingoti, wakausukuma, ukayumba, ukarudi, wakacheka, wakanywa kidogo, wakausukuma tena. Kilima kilikuwa kimeshaanza kuung'ata ukingo wa jua. Ruphin alitamani kuvua koti akausimamishe mwenyewe. Uliposimama, watu walishikana mikono, duara ndani ya duara, wakaanza kuzunguka.

Hapo Ruphin alijua la kufanya. Alipiga goti, akapanda kiti, akalala kifudifudi kwenye nyasi. Alimpata mzee Torsten akipita wima, fimbo mkono mmoja, mkono wa bintiye katika mwingine, shada limekaa sawasawa juu ya mvi, mwanga wa dhahabu ubavuni. Picha ya kutundikwa sebuleni.

Ndipo wimbo ulipobadilika, na watu wazima wakachuchumaa wakaanza kuruka kama vyura.

Sasa, lazima umjue Ruphin kama anavyojulikana mitaa ya Berea na Yeoville. Yeye ni fundi wa heshima. Kazi aliifundishwa Bukavu katika studio ya mzee Ignace, aliyekuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: mtu mzima akianguka, akitafuna, akiinama, teremsha kamera. Picha haisahau, na aibu haioshwi kwa sabuni. Ndiyo maana wachungaji na mama wakwe humwita yeye na si vijana wenye kamera za bei mbaya. Katika picha za Ruphin hakuna aliyewahi kuonekana mjinga.

Kwa hiyo mzee Torsten alipomtupia binti yake fimbo, akakunja magoti yake ya ukongwe, akaanza kurukaruka nyuma ya watoto huku akipiga kelele, Ruphin alifanya alivyolelewa. Aliteremsha kamera. Zaidi ya hapo, aligeuza uso kabisa akautazama ukuta wa jirani, mpaka wimbo ulipokwisha, ili asiwe shahidi.

Malin alikuja mbio, anahema, majani yamemjaa nywele.

"Umeipata?"

Ruphin alimwonyesha kwa fahari. Mzee akizunguka, mzee wima, mzee na mwanga wa dhahabu. Malin alizipitisha moja moja, kisha akazirudia kwa kasi, kana kwamba kuna moja imejificha.

"Na alipokuwa akiruka?"

"Mama, pale nilimheshimu."

Malin hakumfokea. Angefoka, Ruphin angejua la kujibu. Aliziba mdomo kwa mkono tu, machozi yakamlengalenga, akasema kwa sauti ya chini kwamba ndicho alichokitaka, kule kuruka ndiko mchezo wenyewe, huku kuzunguka tu mama yake hawezi hata kukutambua. Ruphin alikuwa ameitunza heshima ya mzee wa watu kwa kumnyima mkewe ile picha.

"Aruke tena," alisema. "Mara moja tu. Jua bado lipo kidogo."

"Daktari alimkataza hata hiyo moja."

Mzee Torsten alikuwa kwenye kiti, anasugua goti, lakini masikio hayakuwa na ugonjwa. Aliuliza kuna nini, akaelezwa, akamtazama Ruphin kuanzia kiatu hadi tai. Ruphin alitamani ardhi ipasuke. Mzee akasema jambo, na Malin akacheka ilhali machozi bado yako njiani.

"Anasema ataruka kama na wewe utaruka kando yake. Hataki kuwa mjinga peke yake."

Ruphin aliitazama suti yake. Alimtazama Marcelline mlangoni, mama mwenye mdomo ambao kanisa zima huutumia badala ya matangazo. Aliutazama ule ukingo wa jua, mwembamba kama kucha. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aliivua kamera shingoni akaenda kumkabidhi Marcelline.

"Miye?" Marcelline aliruka nyuma. "Miye sijue hii machine!"

"Nimeshatengeneza yote, yaya. Bonyeza tu. Hapana acha kubonyeza, hata ukicheka."

"Eish, Ruphin. Nitacheka."

Watu walirudi kwenye duara. Wimbo ukaanza. Mzee Torsten akamkonyeza, akachuchumaa, akaruka, na Ruphin wa Bukavu, fundi wa heshima, akachuchumaa na tai yake akaruka. Suruali ilimbana, kiatu kiliteleza. Mikono hakujua pa kuiweka, maana alikuwa ameangalia ukuta. Akaamua kuishika kiunoni, kama mama anayemsuta jirani. Mzee alipomwona aliangua kicheko kikubwa hata akakaribia kuanguka, na kule mlangoni Marcelline alibonyeza, akacheka, akabonyeza. Kisha jua likazama na baridi ikateremka juu ya wote.

Picha nyingi zilikuwa zimepinda, na katika kadhaa kulikuwa na kidole cha Marcelline. Moja ilitoka. Mzee Torsten yuko hewani, mdomo wazi, mikono masikioni, na kando yake chura mwenye suti, kiuno ameshika, uso wa mtu anayengoja kunyongwa. Mzee Ignace angeichana papo hapo. Jumapili Ruphin aliipeleka Observatory mwenyewe, imesafishwa kwa ukubwa, na Jumatatu ikapanda ndege.

Wiki ile hakulala vizuri. Kanisani Marcelline alikuwa ameshatangaza, wanakwaya wakawa wanampokea kwa kukoroma kama vyura, na hata hilo halikumuuma sana. Kilichomsumbua ni Solveig, mama ambaye hakuwahi kumwona. Kila simu ilipolia alishtuka. Akawaza: na kama hakucheka? Na kama aliiweka kando kama karatasi?

Alhamisi alikuwa anasubiri robot, ile taa ya barabarani, iwake kijani ili avuke barabara pale Berea, begi la kamera begani, Marcelline alipompigia.

"Ruphin! Muzee amepiga simu, mama ya Malin ameiona ile photo."

"Alimujua muzee?"

"Hapana. Hakumujua bwana yake. Na Malin kwa simu, hakumujua."

Robot iliwaka kijani. Watu walimpita Ruphin kwa mabega, yeye akabaki amesimama.

"Lakini sikia. Ameangalia, ameangalia, akaweka kidole kwako. Akakasirika! Akasema, huyu mutoto nani amemufundisha? Mikono haiende kwa kiuno. Akaamka kwa kiti, Ruphin, muzee anasema ameamka yeye mwenyewe, akachuchumaa kidogo, akakuonyesha. Akaimba yote, mpaka mwisho. Muzee akaruka na yeye kule ndani, na goti yake ile. Halafu mama akacheka."

Machozi yalimtoka Ruphin katikati ya watu wa Berea, mchana kweupe, na hakuyaficha.

"Uko nanisikia? Mama amesema uambiwe, mikono inaenda kwa masikio."

"Nimesikia, yaya," alisema. Simu ilikuwa tayari kwenye sikio moja. Akalitua begi chini, akainua mkono mwingine, akauweka kwenye la pili.