Mashine ya Kumi na Tisa

Siku ya Ayudha Puja, sikukuu ya Wahindu ya kuheshimu vifaa vya kazi, Bengaluru hata bisibisi hupumzika. Karakana nzima ya kuunda helikopta ilinukia ubani. Spana na vitabu vya kumbukumbu za kila mashine vilikuwa vimepangwa mbele ya mungu wa kike, vimepakwa manjano, vimefunikwa maua, na ole wake atakayevigusa kabla ya kesho.

Basi simu si ikalia saa hiyo hiyo! Nagaveni, fundi wa giaboksi, akaipokea. Alikuwa fundi wa jeshi, kutoka kambi ya kaskazini, chini ya milima ya barafu.

"Dada Nagaveni, helikopta yenu, mashine ya kumi na tisa, inatikisika, kipimo tatu. Ilizaliwa hivyo au imeharibika? Kuna askari huko juu mlimani, mapafu yamejaa maji kwa uhaba wa hewa, na mawingu yametupa saa moja tu." Akasita. "Ni Somanna, dada."

Somanna, mume wake. Giaboksi ya mashine ile Nagaveni aliifunga kwa mikono yake, na alikumbuka tatu. Au ilikuwa mbili? Moyo ulitaka iwe tatu, na kwa kuwa ulitaka hivyo, hakuuamini hata kidogo. Akikosea, mashine ingeweza kuanguka, na marubani nao wana wake zao.

"Nataka kitabu," alisema, akielekea madhabahuni.

Mzee Channabasappa, msimamizi wao, akamziba njia. Kwa mambo ya dini mzee yule, acha tu! "Leo hapana, mwanangu. Miaka thelathini na moja hakijafunguliwa kitabu siku hii."

"Mzee, Somanna anakufa."

Mzee akamtazama. Kisha akapiga magoti, akasogeza maua, akakichomoa kitabu mwenyewe.

"Wewe usiguse. Kama ni dhambi, niandikiwe mimi, nimeshazeeka." Akafunua kurasa. "Kumi na tisa... mtikisiko, tatu."

"Ilizaliwa hivyo!" Nagaveni alipiga kelele simuni. "Irusheni!"

Walikaa sakafuni wawili hao, bega kwa bega, kwa muda wa saa mbili. Simu ilipolia, kwanza ilisikika pumzi tu, nzito, ya kukwaruza.

"Nagi," alisema Somanna. "Nimepanda mashine ya mke wangu. Lo, viti vigumu hivyo!"

Nagaveni alitaka kumrudishia utani, kama kawaida yao. Badala yake akaibana simu sikioni.

"Pumua," alisema. "Usiseme kitu. Pumua tu, nakusikia."