Samaki wa Kwanza

Huu ni mwaka wa tatu naitazama picha ile ya kitabu cha kale, na nikiulizwa ni picha ya nini bado naona haya. Katikati kuna samaki wawili waliofungwa midomo kwa uzi mmoja. Wamezungukwa na wanawake wadogo, kila mmoja amesimama ndani ya pipa, ameinua kitu cha duara chenye mkia. Nyota? Ua? Sufuria? Maandishi yaliyo kando hakuna mtu duniani anayeweza kuyasoma.

Mwalimu wangu, Profesa Ermete Cavazzana, aliona sufuria. Huku kwetu kwenye milima ya Vicenza, Februari ikiisha, watoto hupita mitaani wakigonga masufuria na madebe kuuita Machi. Na enzi za utawala wa Venisi, mababu zetu walianza mwaka Machi, si Januari. Kitabu kile kinaanza na Samaki, buruji ya Machi kati ya zile nyota kumi na mbili za unajimu, ndipo waje Kondoo, Ng'ombe na wengine. Kwa hiyo, alisema Profesa, ni kitabu chetu.

Ndiyo hoja aliyoijenga tangu ujana wake. Sasa alikuwa ameiandikia kitabu, nacho kilikuwa kwa mchapishaji, kikingoja utangulizi wangu tu. Profesa alikuwa na haraka, maana macho yalikuwa yanamwishia; daktari alikwisha kumwambia kwamba kufika kiangazi atakuwa haoni kabisa. Alitaka kukiona kitabu chake kwa macho yake mwenyewe, basi. Nami nilimpenda mzee yule, nikataka akione.

Nikaenda maktaba ya seminari, kinakotunzwa kitabu kile cha kale, kuitazama picha mara ya mwisho.

"Leo umeona nini, Nives?" aliuliza Padri Gildo, mtunza maktaba, akinifungulia kabati. "Profesa wako anaona sufuria. Yule bwana wa Napoli aliona pizza."

"Padri, niache. Kichwa kinaniuma."

"Kitaachaje kuuma? Unabishana na mafumbo ya mtu aliyekufa zamani!"

Kwenye ukurasa wa Samaki, karibu na mshono, kulikuwa na tundu la mdudu. Nilikuwa nimeliona mara nyingi bila kulijali. Siku hiyo, sijui kwa nini, nikafunua ukurasa wa Kondoo unaofuata nilitafute. Hapakuwa na tundu. Nikafunua Ng'ombe, nikafunua Mapacha. Wazima kabisa. Nilikuja kulikuta mbali sana, kwenye Mizani, mahali palepale, upana uleule.

Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, nikarudi tena. Mdudu hajui falaki. Hutoboa karatasi moja, akaingia iliyo jirani. Basi Samaki walikuwa jirani za Mizani. Hawakuwa wa kwanza. Kuna mtu aliyekifumua kitabu, akakishona upya, akawaweka mbele.

Au sivyo? Labda walikuwa wadudu wawili. Labda aliyekosea ni yule aliyeishona Mizani. Nilikaa pale nikijipinga mwenyewe hadi Padri akaja kufunga, na nilipotoka nilikuwa najua machache kuliko nilipoingia.

Profesa nilimkuta jikoni kwake akikoroga polenta, ugali wa mahindi wa huku kwetu, uso karibu uguse sufuria.

"Umeandika?"

"Bado, Profesa."

"Bado, bado! Unangoja nife uandike tanzia?"

"Profesa, kuna tundu la mdudu."

Nikamweleza. Polenta ikaanza kuungua, nikamwondolea mwiko mkononi na kuzima jiko.

"Aliyekishona upya ni mtu wa kwetu," alisema mwishowe. "Aliwaona Samaki, akaona Machi, akawaweka mbele kwa sababu kwake hapakuwa na namna nyingine. Na mimi nikaja nikamwamini, maana alifikiri kama mimi."

"Huenda nimekosea, Profesa. Huenda walikuwa wadudu wawili."

"Usinidanganye, mwanangu. Hujui kudanganya." Aliyafuta macho yake mabovu kwa aproni. "Hebu niambie. Nianze upya kwa macho yapi?"

Nililia pale jikoni kwake, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Asubuhi alimpigia simu mchapishaji, akakiondoa kitabu chake kisichapishwe. Kisha akanishika mkono, tukaenda seminari. Padri Gildo alituletea viti viwili bila mzaha wowote. Nikafungua ukurasa wa Samaki.

"Nisomee," alisema Profesa.

"Hii ni buruji ya mwezi wa..."

"Sikukuuliza ni nini. Kuna nini?"

"Kuna mwanamke," nikasema. "Yumo ndani ya pipa. Ameinua mkono wa kushoto."

"Ameshika nini?"

Nikainama, nikatazama kwa muda mrefu.

"Sijui, Profesa."

"Haya," alisema, akavuta kiti chake karibu na changu. "Anayefuata?"