Maumivu Yanayopanda Bajaji

"Mkanda hauvuliwi kazini, Mama Asma. Umeletewa uuvae."

"Nimeuvaa. Sasa sitaki."

"Kwani mgongo unakuuma?"

"Hata kidogo. Ndiyo ugomvi wenyewe, Sista."

Sista Pamela, msimamizi wa wodi ya wanaume, alishusha sauti kwa sababu wagonjwa walikuwa wameacha kula ili wasikilize. Saada, huyo Mama Asma, alikuwa mhudumu wake wa pekee. Kumgeuza mtu aliyepooza ni kazi ya wawili, kila mmoja upande wake, wakivuta kitenge kilichotandikwa chini ya mgonjwa. Waliomba mtu wa pili. Wakaletewa mikanda ya mgongo.

Mikanda ilifanya kazi. Maumivu yakikosa nafasi mgongoni hutoka. Ya Saada yalitoka kila mchana, mlinzi akayafungulia geti, yakapanda bajaji hadi nyumbani Lizaboni na kumwingia Asma, bintiye wa kidato cha pili, kiunoni. Maumivu hufuata damu. Juzi Asma alishindwa kuinua ndoo. Leo alishindwa kuketi darasani, mwalimu akamrudisha nyumbani.

"Yangu yanakwenda Mpitimbi kwa mama," alisema Sista Pamela. "Hajainuka kitandani tangu Pasaka. Nifanyeje? Yeye angalau ameshazeeka."

"Wangu hajazeeka."

"Hospitali nzima hakuna anayelalamika mgongo. Wakubwa wamefurahi, hata mtu wa pili hawamtafuti tena. Wewe ndiye utaharibu?"

"Waambie nimeharibu."

"Na ukilala wewe, nani atamgeuza mzee Mathias?"

Mzee Mathias, aliyelala kati yao, alifungua jicho lililokuwa bado linamtii.

"Gombaneni, wanangu," alisema. "Lakini gombaneni mkinigeuza. Huku chini nyama inaoza."

"Shikamoo, mzee. Tusamehe," alisema Saada.

Alifungua mkanda, akautundika kwenye stendi ya dripu. Maumivu ya siku ile yalikuwa getini yakisubiri bajaji. Yaligeuka, yakapita korido yote, yakaingia wodini. Mgonjwa mmoja alivuta miguu kuyapisha.

Sista Pamela aliyatazama yakipita. Akaukaza mkanda wake tundu moja zaidi, akaenda kitanda cha mbali.

Saada aliyangoja yakae sawa kiunoni. Kisha akapandisha goti kitandani kwa mzee Mathias, akashika kitenge kwa mikono miwili, akavuta.