Usinitazame Mdomo

Babikir alikatwa sehemu ya ulimi na kipande cha taya la kushoto katika hospitali moja ya Khartoum, kisha akachomwa kwa mionzi mpaka ngozi ya shingo ikakakamaa. Aliporudi Atbara, watu wa mtaa wetu wa nyumba za reli walikwenda kumpa pole. Walimkuta ameketi kwenye kitanda cha kamba uani, fundi yule wa karakana aliyekuwa na mabega mapana kama mlango, ameshikilia kitambaa kidevuni ili mate yasimwagikie kanzu. Aliwashukuru kwa kuinamisha kichwa. Chanzo cha ugonjwa hakikutajwa, kwa kuwa kilijulikana. Tangu ujana wake hakuonekana bila donge la tumbaku ndani ya mdomo wa chini. Nusu ya wale waliokuja kumpa pole walikuwa na madonge yao palepale; walipotoka nje ya lango wakayatema, wakafinyanga mengine.

Kabla hawajaondoka Khartoum, muuguzi alikuwa amemweka kando mkewe, Sittana, akamwambia, "Ugonjwa tumeuondoa, lakini njaa inaweza kumchukua. Chakula kiwe laini, na kila kijiko kiwe na nguvu ndani yake. Samli, maziwa, yai, karanga zilizosagwa. Pilipili na ndimu asahau kwanza."

Sittana aliyashika maneno hayo kama askari anavyoshika zamu. Alikuwa mpishi anayejulikana. Wanawake wa mtaa walipokuwa na wageni wazito walimwita yeye akoroge ugali wa mtama, kwa sababu wake haukuwa na madonge, na mchuzi wake wa bamia kavu ulivutika hadi ukakatwa kwa kidole. Sasa akaanza kupika vitu ambavyo havikuwa na jina. Aliponda, akachuja, akaponda tena. Uji wa mtama aliuchanganya na samli na viini vya mayai. Nyama aliichemsha mpaka ikalainika kabisa, akaitwanga kinuni, akaikoroga na bamia ili iteleze.

Babikir alikuwa akionja, anafumba macho.

"Kuna nini?" Sittana anauliza.

"Chuma."

"Chuma gani? Sufuria ni mpya."

"Kila kitu kina ladha ya chuma, mama Huda. Nimefanya kazi na chuma maisha yangu yote. Sikuwahi kukila."

Maneno yake yalikuwa yamekaa vibaya, yanatoka upande mmoja, na siku zile ni mkewe tu aliyeyaelewa yote. Huda, binti yao wa pekee, aliolewa Port Sudan. Akipiga simu, Sittana ndiye aliyemfasiria maneno ya baba yake.

Kula kwenyewe kulikuwa hivi. Sittana anakaa kwenye kigoda mbele ya mumewe, magoti karibu yagusane, bakuli mkononi. Anakifuata kijiko kwa macho kutoka bakulini mpaka mdomoni. Mdomo ulikuwa umekaza, haufunguki zaidi ya upana wa kidole, hivyo kijiko kilikuwa cha chai. Uji ukitoka pembeni, yeye anaufuta kabla Babikir hajainua kitambaa. "Meza," anasema. "Taratibu. Haya, kingine. Bado kidogo tu." Babikir akipaliwa, anampiga mgongoni. Bakuli likipoa, analirudisha motoni na kuja nalo tena. Mlo mmoja ukimalizika, wa pili umekaribia.

Na bado alizidi kukonda. Kanzu ilimning'inia kama iliyoanikwa.

Jambo lililomtia Sittana mashaka ni mbuzi. Walikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, na mbuzi huyo alianza kuacha majani yake na kushinda chini ya dirisha la chumba cha Babikir, shingo juu, akingoja. Asubuhi moja Sittana alijifanya anakwenda kwa jirani, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama. Punde mkono ukatokea dirishani, ukainamisha bakuli, na uji wenye samli na mayai ukamwagika kwenye karai la mbuzi.

Aliingia ndani, hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo nampikia mbuzi."

Babikir akaliweka bakuli tupu chini.

"Mayai ya nyumba nzima yanaliwa na mbuzi. Niambie kama unataka kufa, nijue. Nisiendelee kutwanga."

"Sitaki kufa," Babikir alisema. "Nataka uniache."

Sittana alilielewa neno hilo vibaya. Alidhani mumewe hamtaki. Hakuuliza. Alichukua bakuli, akatoka, na tangu siku hiyo akazidi kumkazia macho, maana sasa alikuwa hamwamini.

Wifi yake, Al-Shul, dada mkubwa wa Babikir, aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuwa mwanamke wa maneno, na alikuwa na uchungu wa mdogo wake. Alikuja kila alasiri, akakaa na fimbo yake mapajani, akatazama.

"Mdogo wangu amebaki mifupa," alisema siku moja. "Mama yetu angekuwa hai, angeona haya. Uji huo una nini ndani? Maji?"

"Wifi, jiko lile pale. Ingia upike," Sittana alijibu.

"Ningekuwa na magoti ya kusimama jikoni, ungedhani ningekungoja wewe?"

Babikir alikuwa akiwasikia wote wawili. Aligeukia ukuta.

Kitu ambacho Al-Shul hakukiona, wala Babikir, ni jinsi Sittana mwenyewe alivyokuwa akila. Mwanzoni alikula kama kawaida. Jioni moja alikaanga samaki wa mto, akakaa uani kula, na Babikir akamtazama samaki yule. Alimtazama tu, kisha akainuka, akatoka nje ya lango na kusimama barabarani mpaka harufu ilipoisha. Baada ya hapo Sittana alikula jikoni kwa siri, amesimama, mlango umerudishwa. Akaacha kukaanga. Akaacha vitunguu. Kisha akaona ni upuuzi kujipikia chungu chake peke yake wakati mabaki ya Babikir yapo, akawa anakwangua mabaki. Mabaki yakawa ndiyo chakula. Siku nyingine alikunywa chai tu, na hakuona njaa. Nguo zake alizipunguza kwa sindano, kwa hiyo kukonda kwake hakukuonekana.

Siku moja alianguka penye mashine ya kusaga, amesimama kwenye foleni na debe lake la mtama. Wanawake walimmwagia maji, wakamrudisha nyumbani kwa gari la punda, wawili wamemshika mabega. Al-Shul alifika mbio kadiri fimbo ilivyomruhusu. Alimshika mkono wa juu ili amlaze, na vidole vyake vikakutana upande wa pili wa mfupa.

"Nilidhani unamnyima mdogo wangu," akasema. "Kumbe unajinyima mwenyewe. Nisamehe, mwanamke."

Babikir alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka akaenda jikoni, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu arudi Khartoum, akafunua vyungu kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vyake yeye: uji, bamia iliyochujwa, maziwa. Hakukuwa na mkate, wala kitunguu, wala chembe ya pilipili. Alirudi akachukua chombo, akatoka mwenyewe na kitambaa chake kidevuni, akapita mbele ya watu mpaka dukani kwa muuza maharage. Watu walimwona. Alionyesha kwa kidole alichotaka, maana muuzaji hakumwelewa: maharage, mafuta ya ufuta kwa wingi, jibini, kitunguu, pilipili ya unga, mkate wa moto.

Al-Shul alikuwa ameshaondoka. Babikir alivuta kigoda kile kile, akakaa mbele ya mkewe, akaweka bakuli kati yao.

"Kula," alisema.

"Harufu itakusumbua."

"Kula, mama Huda."

Sittana akamega mkate, akachovya. Babikir aliinama mbele, viwiko magotini, akamkazia macho mdomoni. Akakifuata kipande cha mkate kutoka bakulini. Sittana alipomeza, yeye naye alimeza. Tone la mafuta lilipomtoka pembeni ya mdomo, Babikir alinyoosha mkono na kitambaa akamfuta kabla hajajifuta.

"Haya, kingine," alisema.

Sittana akala kipande cha pili. Cha tatu kilimkaa kooni. Aliweka mkate chini.

"Usinitazame mdomo," akasema. "Nashindwa kumeza."

Wakatazamana, na Sittana akaelewa. Aliufunika uso wake kwa ncha ya mtandio akabaki hivyo kwa muda. Alikuwa analia, au anacheka. Yeye mwenyewe, alipoyasimulia hayo baadaye kwa wanawake, hakuwa na hakika.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Nilikuambia uniache."

"Hayo ndiyo maelezo?"

"Ulimi ndio huu niliobaki nao," Babikir alisema. "Nautumia kwa uangalifu."

Tangu hapo walibadili mkao. Walihamishia kitanda cha kamba kivulini, wakakaa bega kwa bega wakitazama lango, yeye na bakuli lake, mkewe na sinia lake. Sittana alikula kitunguu na samaki na chochote alichotaka, na Babikir akisema harufu imemshinda, mkewe alihamia upande wa pili wa kitanda. Hawakutazamana. Sittana alizungumza habari za mtaa: nani kaposa, nani kagombana, mbuzi wa nani kala kanzu ya imamu. Babikir akipaliwa alikohoa mpaka ikapita, na mkewe akaendelea kuzungumza. Siku nyingine bakuli liliisha. Siku nyingine lilibaki nusu, na hapo ugumu wa Sittana ulikuwa kufunga mdomo wake.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Kuna wiki Babikir alipata vidonda upya kinywani akarudi kwenye maziwa matupu. Mdomo uliokaza alitakiwa aunyooshe kila siku kwa kuingiza vijiti kati ya meno, na maumivu yake yalimfanya apige ngumi ukutani. Alichukia vile vijiti vya hospitali vilivyomvunjikia, akajichongea kabari ya mti wa mgunga, akailainisha kwa msasa kama alivyozoea kulainisha vitu karakanani. Kidogo kidogo ikaanza kuingia zaidi. Mchana mmoja alionja bamia, akaonja tena.

"Haina chumvi," alisema.

Sittana hakuwa ametia chumvi kwa miezi, isije ikachoma vidonda. Akainuka, akaenda kuileta, akasimama kidogo jikoni kabla ya kurudi.

Ramadhani ilipoingia, daktari alimkataza kufunga mwaka ule, kwa kuwa kinywa chake hakikutoa mate ya kutosha na ilimbidi anywe maji kila mara. Hilo alilikubali. Lililomkaa vibaya ni lile la magharibi. Mtaani kwetu wanaume hawafuturu ndani. Kila nyumba hutoa sinia, mikeka hutandikwa barabarani, na mpita njia husimamishwa kwa nguvu mpaka akae ale. Sehemu ya Babikir ilikuwa kati ya nguzo ya umeme na Kambal, dereva wa treni mstaafu, rafiki yake tangu shuleni. Ramadhani ile sehemu hiyo ilibaki wazi.

Kambal alikuja kumwona, akajitupa kitandani bila kukaribishwa.

"Watu wanauliza kama umekuwa sheikh wa kukaa faragha," alisema. "Wanataka waje uwaombee dua."

Babikir akasema jambo. Kambal akamgeukia Sittana.

"Anasema hataki kumwaga uji kwenye sinia la watu."

"Sinia gani? Mimi sina jino hata moja la nyuma. Nachovya mkate mpaka unakuwa kama pamba, na Wallahi nusu yake hurudi kwenye mchuzi. Miaka wanakula na mimi. Umesikia mtu amekufa?"

"Aliyekufa hawezi kusema," Babikir alisema, na safari hii Kambal alimwelewa mwenyewe. Akacheka, akaenda zake. Hakumsihi.

Zilipita siku kadhaa. Magharibi moja, Sittana alikuwa akipanga sinia la kupeleka nje, Babikir akatwaa bakuli lake dogo lenye kifuniko, akaliweka juu ya sinia, akabeba vyote, akatoka. Sittana alibaki nyuma ya lango.

Alisikia salamu, kisha dua, kisha kimya cha watu waliofunga wanaokunywa kitu cha kwanza. Akasikia kikohozi. Alikijua. Kiliendelea, kikapanda, na maneno mkekani yakakatika. Sittana alishika komeo.

"Mzee huyu ana nini?" sauti ngeni iliuliza. Lazima alikuwa msafiri aliyesimamishwa njiani.

"Anakula taratibu," Kambal akajibu. "Wewe ndiye mwenye haraka. Sogeza mkono, hiyo nyama si yako peke yako."

Watu wakacheka, yule mgeni naye akacheka. Kikohozi kikashuka, mazungumzo yakarudi kwenye bei ya mtama. Sittana aliliacha komeo. Alitamani kufungua lango kiasi cha jicho moja, akasimama hapo akiwaza. Kisha akajitanda, akapita mlango wa nyuma kwenda kwa Al-Shul, ambako wanawake walikuwa wamekwishaanza. Wifi yake alimsogezea nafasi na kumkatia kipande cha nyama chenye mfupa.

"Huyo mwingine yuko wapi?" Al-Shul aliuliza.

"Nje, na wenzake."

"Anakula?"

"Sijui," Sittana alisema, akachovya mkate wake.

Babikir hakwenda mkekani kila siku mwezi ule. Siku za kinywa kibaya alibaki kitandani kivulini, na Kambal alimsalimu kwa sauti kupitia ukutani. Siku njema alitoka. Ilipofika Idi walipanda basi kwenda Port Sudan kumwona Huda, na Sittana alifunga vyakula vya njiani katika vifurushi viwili, cha mumewe laini, chake kikavu chenye pilipili nyingi.