Vioo vya Ukumbi wa Parokia

Ndege wa kwanza nilimwokota Jumatatu, siku mbili baada ya kuosha vioo. Alikuwa mbayuwayu. Nikadhani ameuawa na paka. Jumanne wakawa watatu, wote chini ya dirisha moja, shingo zimelegea, hawana alama ya jino. Na paka haui akaacha nyama.

Mimi ndiye mfagiaji wa ukumbi wetu mpya wa parokia hapa Babati. Nasali rozari, kisha nashika fagio kabla jua halijapanda. Ukumbi ni mzuri, Mungu ashukuriwe. Matofali yake ni ya kufungamana, hayakuchomwa kwa kuni hata moja. Maji ya mvua yanaingia kwenye tangi, na mchana hatuwashi taa, maana upande wa ziwani ni vioo vitupu, vile vya kujiona, kutoka sakafuni mpaka karibu na bati. Ulikuwa ubarikiwe Jumapili ya wiki iliyofuata.

Nikajiuliza: vioo vina miezi miwili ukutani, mbona mwanzo ndege hawakufa? Hapo nikakumbuka. Fundi alikuwa amevichora X kubwa za chokaa, kama mwalimu anavyokosoa daftari, vibarua wasije wakavigonga na mbao. Mzee Sosthenes, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ndiye aliniambia nisugue zote, ukumbi ung'ae. Nikasugua, ndege wakabaki bila alama ya kuwaonya. Kwa hiyo mikono iliyowaua ni hii yangu. Jambo hilo sikulisahau hata nilipopanga mstari wa komunyo.

Nikakata gunzi la mahindi, nikalichovya kwenye rangi nyeupe iliyobaki, nikapiga madoa kioo kimoja. Nilipiga kwa ndani, maana ndani mvua haifiki. Gunzi linatoa duara lenye meno, kama ua. Kesho yake, chini ya kioo hicho hicho, tetere amekufa.

Nikampigia simu Shaaban, fundi wa aluminiamu aliyevifunga. Akaja na bodaboda.

"Shikamoo, Mama Vicent. Nasikia unawafanyia ndege matanga."

"Marahaba. Cheka tu. Vioo umeviweka wewe."

Akanisimamisha nje. "Unaona nini humo?"

"Miti. Mawingu."

"Na madoa yako?"

Sikuyaona. Sura ya ziwa na mikaratusi kwenye kioo ilikuwa imeyafunika.

"Yaweke nje, mama. Na yabanane. Ndege akiona upenyo anapita tu, kama bodaboda wa stendi."

Nikahamia nje, nikapima vidole vinne kati ya doa na doa. Nilikuwa namalizia upande wote wa kushoto, niko juu ya ngazi, Mzee Sosthenes akatokea.

"Mama Vicent! Ukumbi umeugeuza chui?"

"Bora chui kuliko kaburi, mwenyekiti."

"Wageni watasema vioo vina surua. Futa."

Nikashuka taratibu. Mimi niliishia la saba, lakini kuhesabu najua. "Nipe siku saba," nikamwambia. "Kushoto madoa, kulia vitupu kama unavyopenda. Uje tuokote pamoja kila asubuhi. Nikishindwa, Jumamosi nafuta yote kwa kucha zangu."

"Kwa kucha?" Akacheka. "Haya."

Mzee yule ni mtu wa neno lake. Alikuja kila siku na koti lake zito. Kulia tuliokota minana, chiriku, mbayuwayu. Kushoto hakuna kitu. Siku ya nne hakucheka tena. Siku ya sita akapaza sauti: "Na huyu je? Huyu yuko kushoto!"

Kweli. Chiriku amelala chini ya madoa yangu. Nikatazama juu, na kwenye kona ya mwisho nikaona unyoya umenata kwenye kioo. Ngazi haikufika pale. Nilinyoosha mkono tu nikapiga madoa machache, mbalimbali.

"Leta ngazi ndefu," nikasema. "Panda upime mwenyewe."

Akapanda. Akaweka kiganja kati ya doa na doa. Kiganja kizima kikaenea, na nafasi ikabaki.

Jumamosi kamati ikakutana. Nilikuwa nimepanga maneno yangu, sikupewa nafasi ya kuyasema. Mzee Sosthenes alisimama kabla yangu.

"Tumeacha kuchoma matofali tukaokoa miti," alisema, "halafu sura ya miti hiyo hiyo kwenye kioo inaua ndege. Kulia wamekufa kumi na mmoja. Kushoto mmoja, na huyo ameuawa na ngazi fupi. Mama huyu alisema kweli, mimi nikayaita madoa yake surua."

Konstantini, katibu wetu, akauliza kama haitakuwa aibu mbele ya wageni. Benadetha wa jumuiya yetu akadakia: "Aibu gani? Madoa hayo ni kama shanga za sketi za ngozi walizovaa bibi zetu kule Mbulu! Binti yangu atafanyia sherehe ya harusi yake humu."

Vigelegele vikapigwa. Mchana ule watu walikuja na magunzi ya majumbani kwao, hata Shaaban alikuja na ngazi mbili. Upande wa kulia ukajaa maua meupe mpaka juu kabisa. Mwenyekiti mwenyewe alipanda, suruali imekunjwa, rangi mpaka kwenye masharubu.

"Hapa, mama?"

"Vidole viwili kushoto, mwenyekiti."

Akasogeza.