Vidole vya Fundi Taratibu

Asubuhi hiyo Fundi Taratibu alikuwa akichonga vishikio vya droo, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Kisu cha mashine kilichomoza katikati ya meza ya chuma, kikizunguka kwa kasi hata kisionekane. Kipande kidogo namna ile hakishikwi kwa mkono, maana kisu kikikidaka hukivuta pamoja na kilichokishika. Kwa hiyo alikuwa amejitengenezea kibano: mbao mbili ndefu zilizofungwa kwa skrubu, kipande kikabanwa mbele, mikono ikabaki mbali nyuma.

Mwenye karakana alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Alisimama akamtazama akilegeza skrubu, akibadilisha kipande, akikaza tena. Kisha akakichukua kibano, akakivunja gotini na kukitia kwenye jiko la kuchemshia gundi.

"Unavibembeleza kama vitoto vichanga, shemeji. Wateja wanangoja. Mikono yako ina kazi gani?"

"Kisu hiki hakichagui mbao na nyama."

"Basi kichagulie wewe."

Vipande viwili vilipita salama. Cha tatu kisu kilikidaka. Mbao iliruka ikapasua kioo cha dirisha, na mkono wa kushoto ukaenda palipokuwa na mbao. Damu iliruka mpaka kwenye kalenda ukutani. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimekwenda. Shemeji alizima mashine, akaviondoa kwanza vishikio vilivyokwisha kuchongwa visilowe, ndipo akatafuta kitambaa.

Daktari aliuliza vidole viko wapi. Walivitafuta kwenye unga wa mbao, wasivione.

Kesho yake vilikutwa mezani, vimewahi kazini kuliko watu wote. Vilisimama upande huu na huu wa kipande, vikikisukuma kuelekea kwenye kisu. Kijana mpaka rangi wa karakana alivisogezea boksi la vipande karibu, visihangaike. Kisu kiliviparua mara kwa mara; jioni vilibaki nusu, asubuhi vilikuwa vizima. Na kila vilipoparuliwa, Fundi Taratibu, aliyelala kwake mtaa wa pili, aliruka kitandani akapiga yowe, bandeji ikaloa.

Dada yake ndiye aliyeelewa. Alikwenda karakana na bakuli safi.

"Mpe ndugu yangu vidole vyake."

"Vilikatikia kazini, viko kazini," mumewe alijibu. "Nani kavizuia?"

Aliponyoosha mkono kuvichukua, mumewe alimpiga ubao wa mdomo, meno mawili yakatoka. Dada akaokota nyundo, akamvunja mfupa wa mtulinga. Mpaka rangi aliwafunga vitambaa wote wawili kwa zamu. Mashine ilikuwa ikiendelea.

Mkono ulipopona, Fundi Taratibu alikwenda mwenyewe. Aliviita. Vidole vilisita, vikamgeukia, kisha vikarudi kwenye kipande. Hakuvilaumu, yeye pia hajawahi kuacha kazi katikati. Alikaa pembeni, akabana mbao kwa magoti, akatengeneza kibano kingine, akakiweka mezani. Vidole vilikipapasa, vikakikumbatia. Siku nzima kisu hakikuvigusa, na usiku ule alikula akashiba, akamwambia mkewe kwamba chumvi imekolea.

Asubuhi shemeji, mkono ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, aliona maboksi hayajajaa. Safari hii alikivunja kibano kwa mguu.

"Vimeiga uvivu wako," alisema, akawasha mashine.

Siku hizi mlio wa mashine husikika mpaka nyumbani kwa Fundi Taratibu. Mkewe humpokea mtoto aliyempakata. Yeye huweka kikombe chini, hupiga yowe, hufuta damu, kisha huendelea na maneno pale alipoyaachia. Mtoto ameshajua kungoja.